Gari Haitoki Bila Mtu wa Pili

Vijana wa gereji, siku mliyoniaga mlinipa blanketi na redio, mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Blanketi nalitumia. Redio mke wangu ameichukua. Kuandika ndiko kumechelewa, kwa sababu kila nikianza najikuta nimeandika habari za mtu mmoja, na nikikunja karatasi nianze upya, narudi kwa mtu yule yule. Basi nimeacha kushindana. Nitaandika habari zake. Mambo ya vyeo na mishahara nawaachia watu wa ofisi, maana wao waliyapenda kuliko sisi.

Nilifika gereji ya kiwanda cha majani chai nikiwa nimevaa shati jeupe. Mama yangu alikuwa mchumaji kwenye shamba, tukiishi laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, pamoja na watu wengine kutoka Kisii waliokuja kutafuta kazi, na kwake yeye gereji ilikuwa mahali pa kufanya kazi chini ya paa huku wengine wakinyeshewa. Kwa hiyo alinipigia pasi. Fomeni wa gereji, Arap Koros, alilitazama lile shati kwa muda, akaniambia nilivue nilitandike chini ya pikapu iliyokuwa inavuja oili, nipate pa kulala nikifanya kazi. Nilidhani ni utani. Haukuwa utani.

Kabla hajanipa spana, alinikalisha kwenye kreti ya soda akaniambia jambo ambalo alimwambia kila mgeni wa gereji ile siku ya kwanza. Alilisema waziwazi, mbele ya watu, na mafundi wengine waliendelea na kazi zao kana kwamba wanasikia sala wanayoijua.

"Sikia, mtoto ya Kisii. Mimi niliua mtu. Nilikuwa nafunga boljointi ya pikapu. King'ora ya chai ya saa nne ikalia. Nati nilikuwa nimezungusha na kidole tu. Nikaacha, nikaenda kunywa chai na mandazi. Kurudi, kichwa ikaniambia nimemaliza. Sigei akachukua kari akaenda." Kari ndiyo gari; ulimi wake mara nyingine uligeuza g ikawa k, na b ikawa p.

Wale ambao hamjafika kwenye kazi ya magurudumu ya mbele, nieleze. Boljointi ni kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake, kama nyonga ya mtu. Iko moja juu na moja chini, na hizo mbili ndizo zinazolishika gurudumu la mbele ili lipande na kushuka kwenye mashimo na bado likate kona. Nati yake ina meno, na katikati ya meno hupita kota pini, kipande cha waya mgumu ambacho unakikunja miguu ili nati isijifungue yenyewe. Nati ikiachwa imekazwa kwa kidole, barabara ya murami, ile ya udongo na changarawe, huifungua polepole, na siku inapotoka, gurudumu hulala ubavu.

Gurudumu la Sigei lililala kwenye mteremko wa kuelekea darajani. Alikuwa dereva, mtu wa Sigowet, na nyumbani alikuwa na mke na mtoto wa kunyonya. Wakubwa walisema ni ajali ya barabara, ikaishia hapo. Koros hakusema hivyo hata siku moja. Kila baada ya mavuno alikuwa akipeleka mahindi kwa mama yake Sigei, na kule Sigowet walimpokea, jambo ambalo nadhani lilimwumiza kuliko kama wangemfukuza.

Kutoka siku ile akaweka sheria ya gereji yetu, ile ambayo mnaifuata mpaka leo na pengine hamjui ilitoka wapi. Anayekaza nati siye anayetia pini. Mtu wa pili anakuja, anaijaribu nati kwa spana yake mwenyewe, kisha anatia pini na kuikunja kwa mkono wake. Bila mtu wa pili gari haitoki. Nakumbuka siku ambayo karibu gereji nzima ilikuwa imeenda mazishi, Koros akabaki peke yake na pikapu ya meneja, na meneja alikuwa amechelewa mkutano Kericho. Kazi ilikuwa imeisha, imebaki pini tu. Koros akaketi kwenye kreti. Meneja alipiga kelele, akatisha, mwisho akauliza kwa sauti ndogo afanye nini. Koros akampa pini na koleo. Yule bwana aliingia chini ya gari na suti yake, tai ikizama kwenye grisi, akatia pini huku Koros akimwelekeza kwa upole kabisa. Baada ya hapo hakuna mkubwa aliyetusumbua tena kuhusu ile sheria.

Kazi yenyewe alinifundisha hivi. Kwanza usiamini sikio, kwa sababu mlio unatembea kwenye chuma na unaweza kukudanganya upande. Piga jeki chini ya mkono wa chini wa gurudumu, ule wa chuma, pitisha mtaimbo chini ya tairi, mwenzako ainue kidogo, na wewe weka vidole kwenye kiungo. Kama kimeisha utakihisi kinapumua. Ukifungua nati usiitoe yote, iache kwenye nyuzi chache, ili kiungo kikiachia ghafla kisikuangukie. Na usiipige boljointi kichwani. Piga chuma kinachoishika, kutoka ubavuni, na upande wa pili mwenzako ashike nyundo kubwa imegusa pale pale. Pigo moja safi, itaruka yenyewe. Nimeona vijana wenye nguvu wakipiga kutwa nzima mahali pasipofaa halafu wakalaumu kutu.

Pikapu zilizomaliza boljointi haraka zilikuwa za maofisa wa shambani. Lori za majani zina muundo mwingine, na madereva wake walikuwa watu wenye subira. Lakini mpe ofisa kijana pikapu na barabara ya kati ya mashamba mvua ikiwa imenyesha, utamwona tena baada ya wiki chache, na atakuapia kwamba anaendesha polepole.

Koros alistaafu kabla yangu kwa miaka mingi. Akainunua pikapu moja kuukuu ya kampuni, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifungua na kuifunga tangu ikiwa mpya, akarudi kwao nyuma ya Sigor kulima mahindi na kufuga. Nilikuwa nikimtembelea. Tulikaa, tukanywa mursik, maziwa yao ya kugandisha kibuyuni, akanicheka kwamba mtu wa Kisii amejifunza kunywa maziwa ya watu. Nami nilipostaafu mwaka jana, nikahamia kwenye kiploti changu karibu na Longisa, nilijua nitamwona mara nyingi zaidi, na hilo lilinifurahisha kuliko blanketi lenu, mnisamehe.

Sikujua hali yake ilikuwa imefika wapi. Chebet, binti yake wa kwanza, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyenipigia simu.

"Anko, shikamoo. Baba anasema pikapu inagonga mbele. Boljointi. Na hataki fundi mwingine aguse."

"Nitakuja Jumamosi."

Nikasikia analia. Ndipo akaniambia. Baba yake alikuwa amepotea na gari mara kadhaa, mara moja akakutwa nje ya hospitali ameketi ndani ya pikapu injini ikinguruma, hajui alikuja kufanya nini. Juma lililopita alikuwa ameingia na gari mtaroni mbele ya shule, watoto wakitoka. Walikuwa wametawanyika, hakuna aliyeguswa. Mzazi mmoja alikuja mpaka nyumbani akasema kwa adabu kwamba akimwona Mzee barabarani tena, atapiga ripoti.

"Si mfiche funguo?" nikauliza.

"Tulificha. Akamwambia mama ni mwizi. Akatoka miguu bila viatu mpaka barabarani, anatafuta gari yake, anasema amechelewa kazi. Alirudi miguu inatoka damu, Anko."

Nilikwenda Jumamosi. Mzee Koros alinipokea langoni akiwa na ovaroli yake ya zamani, na aliniita Ombati, jina langu, bila kukosea. Nikajipa moyo. Boljointi kweli zilikuwa zimeisha, zote za kulia. Tulilitoa gurudumu tukaweka mawe chini ya fremu kwa sababu siiamini jeki peke yake, na yeye akaingia kazini. Mikono yake haikuwa imesahau chochote. Alinionyesha niweke nyundo kubwa wapi, akapiga pigo moja, kiungo kikaachia. Akafurahi. Alikuwa ameniuliza mara nyingi kama mama yangu hajambo, na mama yangu alikufa nikiwa bado fundi mdogo, naye Koros ndiye aliyechimba kaburi pamoja nasi. Kila mara nilimwambia hajambo.

Tukafunga boljointi mpya. Akakaza nati mpaka uso ukamwiva, akajiinua, akasema, "Sasa tia pini."

Nikapapasa mfuko. Pini nilizobeba zilikuwa nene, haziingii. Hilo lilikuwa kosa la kawaida kabisa, nilichukua saizi isiyofaa dukani.

"Haziingii, Mzee. Sina zingine."

Alinitazama. Nilitarajia akasirike. Yeye akafuta mikono kwa matambara, akasema, "Pasi. Kari haitoki." Akaenda kuketi barazani, akanywa chai yake, ametulia kama mtu aliyepewa likizo.

Katikati ya juma mke wake alinipigia. Mama Chebet ni mtu wa maneno machache, na simu yake huwa fupi.

"Ombati, huyu mtu hajaenda barabarani wiki yote. Kila asubuhi anaenda kwa gari, anaangalia ile nati, anasema pado mtu wa pili. Halafu anarudi kwa nyumba."

"Ni sheria yetu ya kazi, Mama."

"Mimi sijui sheria. Najua nimelala. Ukija Jumamosi, usilete pini."

Sikuipenda habari hiyo. Nawaambia ukweli, ilinichukiza. Ile sheria ilitoka kwa kifo cha mtu, na kwa majuto ya Koros ambayo hayakupungua kamwe, na sasa mimi niitumie kumfungia mtu nyumbani kama ng'ombe. Nilimwambia Mama Chebet kwamba mtu mzima anastahili kuambiwa. Akasema, "Basi mwambie wewe." Nami nikamwambia. Nilimketisha chini, nikamshika mkono, nikasema kwa heshima kwamba kichwa chake kimechoka na hawezi kuendesha tena, kwamba watoto wa shule walinusurika. Alinielewa kabisa. Uso ulimwanguka. Akasema, "Nimekonga mtoto?" Nikasema hapana. Akasema, "Nimekonga. Sema tu," akalia, kilio cha mtu aliyewahi kuua na anajua kinavyokuwa. Nilikaa naye mpaka alipotulia. Chai ilipomiminwa alinigeukia na uso mkunjufu akaniuliza kama nimeleta pini, kwa sababu anataka kwenda kazini. Nilimwona Mama Chebet akitazama pembeni. Nikajua kwamba nimemwumiza bure, na kwamba nikitaka aujue ukweli itanibidi nimwumize upya kila Jumamosi.

Kwa hiyo nikawa sileti pini. Jumamosi moja nilisema duka limefungwa. Nyingine nikasema zimekwisha. Mara nyingi hakukuwa na haja ya uwongo wowote, kwa sababu alikuwa ameshasahau kwamba kazi imefanyika, na anasikia kichwani ule mlio wa zamani wa kugonga. "Inakonga," atasema, na tutalitoa gurudumu, tutazifungua boljointi mpya, atazigeuza mkononi akizikagua, atasema hizi ni nzuri, nani amezileta, na tutazifunga tena. Sidhani kuna boljointi Kenya hii zilizofungwa mara nyingi hivyo bila kutembea hata hatua moja. Kila mara alikaza nati kwa bidii ile ile. Kila mara alijiinua akiomba pini, nami nikampa sababu, naye akaitikia kwamba basi haitoki. Siku nyingine alinionya, kwa ukali, nimwambie Sigei asiiguse ile gari. Nilimwambia Sigei ameenda kwao. "Afadhali," akasema. Hilo neno lilinikaa vibaya, nami nilikuwa nikiendesha kurudi Longisa nikilia, mzee mzima, nikishukuru kwamba barabara ile haina watu wengi.

Lakini niseme pia kwamba nilizipenda Jumamosi hizo. Nilikuwa nimestaafu, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananihitaji nishike nyundo. Tulifanya kazi bila maneno mengi, kama zamani, na kwa muda ule wa gurudumu kuwa nje alikuwa ni yeye kamili, fomeni wangu.

Mabadiliko yalianza mikononi. Baada ya mvua za masika alianza kushika spana kinyume. Nikaigeuza mkononi mwake bila kusema kitu, kama alivyowahi kunifanyia mimi. Halafu ikawa ananipa kazi ya kukaza na yeye anatazama. Halafu Jumamosi moja nikamkuta ameketi barazani, ovaroli hana, na nilipomwambia twende kwa pikapu alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayeuza kitu. Nilimletea boljointi ile ya zamani, iliyoisha, niliyokuwa nimeiweka kwenye dirisha. Niliiweka kwenye kiganja chake. Aliizungusha, kichwa cha chuma kikacheza ndani ya kikombe, akatabasamu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya gari, Mzee."

"Ni nzuri," akasema, akanirudishia.

Mama Chebet alikuwa amesimama mlangoni na akaona yote. Baadaye, tukiwa nyuma ya nyumba, aliniambia nimalizie ile gari, kwa sababu haina haja ya kusimama tena. Mzee hataitafuta tena, hakuna cha kuogopa. Chebet angejifunza kuiendesha, apeleke maziwa. Alisema hivyo bila kutoa chozi, akageuka kuchanja kuni ambazo tayari zilikuwa zimechanjwa.

Nilikaza nati mimi mwenyewe. Kisha nikamwita Chebet, nikampa spana aijaribu, nikampa pini, ya saizi inayoingia, niliyoinunua baada ya Jumamosi ile ya kwanza na kuiacha kwa dashibodi ya gari langu muda wote ule. Alilala chini na gauni lake la kanisani. Mwanzoni koleo lilimteleza, akashindwa kuikunja, na sikumsaidia, kwa kuwa haikuwa kazi yangu. Ilimchukua muda. Alipotoka chini ya gari alikuwa na matope mgongoni na hakujipangusa.

Nilipoiwasha ili niijaribu, Mzee Koros aliinuka barazani, akaja taratibu, akafungua mlango wa abiria akaingia. Hakuna aliyemwambia. Tukatoka langoni. Niliifuata barabara ya murami kuelekea Sigor, kwenye mashimo yale yale, na mbele hapakuwa na mlio wowote wa kugonga, usukani umekaa sawa mkononi. Yeye alikuwa ameshika dashibodi kwa kiganja kizima na kichwa amekiinamisha kidogo.

"Hii kari," akasema baada ya muda, "fundi yake ni nani?"

"Ni wewe, Mzee."

Alicheka. Ni kicheko kizuri, cha mtu asiye na deni la mtu yeyote. "Hapana. Mimi nachunga ng'ombe ya baba. Lakini huyu fundi anajua kazi. Mwambie nimesema."

"Nitamwambia."

Nikageuza gari nikamrudisha. Mama Chebet alikuwa amekuja mpaka langoni kutungojea, leso mabegani. Mzee alishuka, akavua kofia, akasimama mbali kidogo na mlango kama mgeni asiyejua kama mwenye nyumba yuko, akamsalimia kwa heshima ile ambayo kijana humsalimia mama wa rafiki yake. "Chamgei," akasema. Akamwuliza kama anaweza kukaa hapo kidogo, mpaka mama yake aje kumchukua.

 Waliishi pamoja tangu wote wakiwa na meno ya ujana, wakazaa, wakazika, wakazeeka. Mama Chebet alimshika mkono akampitisha mlangoni, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwekea mto mgongoni.

"Kaa tu," akamwambia. "Atakuja."